Chai ya Tarulata na Dakika za Madereva

Tarulata hakuweza kuvumilia kumwona mtu amesimama. Ukifika mbele ya kibanda chake, hata kama umeleta habari kwamba nyumba yake inaungua, angekuonyesha benchi kwanza. Benchi zenyewe zilikuwa za mianzi, fupi mno. Ukikaa, magoti yanapanda hadi karibu na kidevu na kuinuka kunakuwa kazi. Nilimwambia siku moja aziinue kidogo, maana wengine tuna migongo mibovu. Akanijibu kwamba mgongo wangu hauna ubovu wowote, una uvivu.

Mimi naitwa Tileswar. Kazi yangu ni kusoma kadi katika lango la magharibi, hapa Nahorguri, na kibanda cha Tarulata kilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye kizuizi changu. Nimekunywa chai yake miaka mingi, nusu yake ya bure, kwa hiyo msitegemee niseme mabaya yake. Mabaya nitajisema mwenyewe, na yapo.

Alizaliwa kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya Brahmaputra, kimoja cha vile visiwa ambavyo mto hukupa mwaka huu na kukunyang'anya mwaka ujao. Alipokuwa na miaka saba mto ulichukua nyumba yao, mtambo wa kufumia wa mama yake, na mbuzi wawili. Kisa hicho alikisimulia akicheka, hasa anapofika pale mbuzi mmoja alipopita akielea juu ya mlango wa jirani, ametulia kama abiria aliyelipa nauli. Akaja kuolewa hapa Nahorguri na Puneswar, dereva wa lori aliyekwenda polepole hata wenye baiskeli walimpungia mkono wakimpita. Puneswar alikufa kwa homa katika mwaka wa tisa wa ndoa. Hawakuwa na mtoto, na mashemeji wakaanza kumwambia Tarulata arudi kwao. Kwao kulikuwa chini ya maji. Akajenga kibanda.

Aliwapenda madereva wote kwa sababu ya mmoja. Nao walimwita Baideo, yaani dada mkubwa, hata wale wenye mvi kumshinda. Alijua nani anakunywa chai nyekundu ya tangawizi, nani ya maziwa, na nani amekatazwa sukari na daktari na anajidai amesahau. Maandazi yake ya unga wa mchele, yenye ufuta mweusi na sukari guru ndani, yalitia fora barabara nzima. Na mwisho wa yote alileta sinia la shaba lenye mguu, juu yake tambuu na popoo. Kwetu hapo ndipo ugeni unapokamilika. Mgeni hainuki kabla ya tambuu, na mwenyeji asiyekupa tambuu amekwambia bila maneno kwamba hukuwa mgeni wake. Nawajua watu walionuniana miaka kumi kwa ajili ya kipande cha popoo.

Sasa nieleze kadi. Kila masika mto unapofurika, hifadhi yote ya wanyama iliyo jirani nasi inageuka bwawa. Paa, nguruwe mwitu, tembo na vifaru hukimbilia kusini kwenye vilima, na kati yao na vilima ipo barabara kuu, yenye malori ya makaa na mabasi ya masafa marefu. Ili wanyama wasigongwe zikaletwa kadi. Gari likiingia lango la mashariki hupewa kadi iliyoandikwa saa ya kuingia. Kutoka huko hadi kwangu ni kilometa ishirini na nane, na mwendo usizidi arobaini kwa saa. Asiyetimiza dakika arobaini na mbili njiani amekimbia, na anapigwa faini.

Katika kitabu changu hapakuwa na mkosaji. Arobaini na tatu, arobaini na nne, arobaini na tatu tena. Mkubwa wangu wa kazi alikuja akanivika shingoni kitambaa cheupe chenye pindo jekundu, heshima ambayo baba yangu hakuipata, akasema mbele ya watu kwamba lango langu ni mfano. Nilikivaa wiki nzima, mpaka mke wangu akanikataza kulala nacho. Kumbe nimevikwa kilemba cha ukoka. Maana paa waliendelea kufa. Kila asubuhi askari wa hifadhi waliokota wawili, watatu. Mmoja wao akaniuliza, ikiwa madereva wangu ni malaika namna hii, paa wanauawa na nani? Nikamjibu kwamba huenda ni mshtuko wa moyo.

Tarulata naye alikuwa na fahari yake. Tangu kadi zianze, benchi zake hazikupoa. Aliongeza nyingine nne, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hatimaye amepata kipimo sahihi cha tangawizi. Na kwa wema wake akatundika saa kubwa ya ukutani kwenye nguzo ya mbele, ili vijana wake wasichelewe waendako. Waliitazama sana saa ile.

Asubuhi moja ya mvua, mwezi wa saba, akaingia Rontu. Huyu ni mtoto wa hapa hapa, ana miaka kama thelathini, dereva wa lori la saruji, mwepesi wa mdomo na mwingi wa haraka. Tarulata alitoka na sinia la tambuu kuwapa watu tisa waliokuwa wamemaliza chai, na alipopita mbele ya lori la Rontu akaona taa moja imepasuka, na kwenye bampa kumenasa manyoya ya rangi ya kahawia.

Akamwuliza amegonga nini.

"Paa, Baideo. Kule Panijuri, wanyama wanapovukia. Alitoka ghafla."

"Kwa mwendo wa arobaini ukashindwa kushika breki?"

Rontu akacheka, na wenzake wakainamia vikombe. "Nani anakwenda arobaini, dada yangu? Mimi hapa nimefika na dakika kumi na nane mkononi. Sote ndivyo tufanyavyo. Tunakimbia, tunakaa kwako, saa ikitimia tunapita langoni kwa heshima zetu."

"Kwa hiyo hamji kwa ajili ya chai."

"Chai pia ni nzuri," akasema Rontu.

Hiyo "pia" ndiyo iliyomchoma. Angeweza kustahimili tusi. Aligeuka na sinia lake mkononi, akalirudisha ndani, na watu wote tisa wakaondoka siku hiyo bila tambuu, wakitazamana.

Halafu akanijia mimi. Nilimwona anakuja kwenye mvua bila mwavuli nikajua leo ni leo. Akaniuliza kama ni kweli sikujua, na watu wanakaa mbele ya macho yangu kila siku iliyo ya Mungu.

"Nilijua kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kunyamaza."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana, maana nilikuwa nimejitia hamnazo kwa miaka mitatu kwa sababu ya kitambaa cha shingoni na chai ya bure, na niliona aibu hadi masikioni. Alipanda basi la kwanza akaenda Panijuri kumwona paa yule. Aliporudi aliniambia neno moja tu, kwamba yule paa alikuwa ananyonyesha.

Siku tatu kibanda hakikufunguliwa. Siku ya nne Tarulata akatangaza kwamba anahama. Anapeleka benchi, jiko na birika zake Panijuri, hatua mia mbili kabla ya pale wanyama wanapovukia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Upande wa kwetu wa kivuko ipo kona na daraja jembamba, hakuna awezaye kukimbia hapo. Wanaokimbia ni wanaotoka mashariki, na hao wangemkuta yeye kwanza. Gari lililosimama kunywa chai haliwezi kufika kivukoni, hatua mia mbili tu mbele, likiwa na mwendo wa themanini.

Tulimkatalia wote. Nilimwambia Panijuri hakuna nyumba wala duka, hakuna sababu ya mtu kusimama. Nikamwambia dereva hukimbia kwanza, akapumzika baadaye, ndivyo alivyoumbwa. Nikamwambia akipoteza masika haya hatakuwa na cha kula wakati wa baridi, na mashemeji watapata walichokitaka tangu zamani. Alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti, hakuinua kichwa.

"Kama walikuwa wananijia kwa chai, watanifuata," akasema. "Kama walikuwa wanaijia saa, nawaachia saa."

Na kweli akaiacha imetundikwa pale pale kwenye nguzo.

Kesho yake Moniram, aliyekuwa akiuza vocha za simu upande wa pili wa barabara, akahamia chini ya saa ile na birika lake. Chai yake ilikuwa na rangi ya maji ya mtaroni na ladha yake sitaki kuikumbuka. Madereva wakajaa kwake. Nilimwandikia mkubwa wangu barua kueleza hali ilivyo, akanijibu kwamba sheria inahusu saa ya kufika, haihusu mahali pa kukaa. Basi nikaendelea kuandika arobaini na tatu, arobaini na nne, na mkono ulikuwa mzito.

Siku yangu ya mapumziko nilichukua baiskeli nikaenda kumtazama. Wiki nzima ilikuwa imepita, na waliokuwa wamesimama ni askari wa hifadhi tu, ambao hakuwatoza kitu. Malori yalipita vuu, vuu, yakamrushia maji. Vikombe vilikuwa vimepangwa mstari, safi, vimekauka. Nilijaribu kupanga maneno ya faraja.

"Usinitazame hivyo kama mgonjwa," akasema. "Kaa unywe."

Nilikunywa vikombe vinne ili tu vipungue. Nilirudi nyumbani nimejaa chai na huzuni.

Yaliyotokea siku ya tisa nimesimuliwa na yeye na Rontu, na ni mara ya kwanza visa vyao kulingana. Rontu alisimamisha lori, akashuka, akabaki mvuani amekunja uso. Alisema mama yake amepata habari kwamba Baideo alimnyima tambuu. Sasa mama anataka kujua mwanawe amefanya ubaya gani, na majirani wanataka kujua, na hata nyumba anakochumbia wameanza kuuliza. Amekuja apewe tambuu yake yaishe.

Tarulata akamwonyesha benchi. Akampa chai, akampa andazi, akamwongeza chai. Tambuu hakuleta. Rontu akaomba. Akaambiwa angoje. Akaomba tena.

"Nangoja nini, Baideo? Hapa ni mapema, nikikaa nitachelewa."

"Utachelewa wapi? Kadi yako inadai dakika arobaini na mbili. Zikae hapa, zina tofauti gani na kwa Moniram?"

"Kule nazijua zilizobaki. Hapa sizijui."

"Basi nenda polepole ndiyo utazijua."

Rontu alikuwa ameshainuka nusu, mkono mmoja kwenye goti, tembo walipotokea. Walikuwa kumi na wanne, wameloa matope mpaka machoni, wakipanda kutoka majini kwenye ukingo wa barabara, pale pale kivukoni. Nyuma yao alikuwa mtoto, mdogo bado, na ukingo ulikuwa umelowa. Alipanda akateleza. Mama akamsukuma kwa paji la uso, tembo mwingine akamvuta kwa mkonga kutoka juu, akateleza tena na kushuka kwa makalio hadi chini.

Magari yaliyofuata yalikuta lori la Rontu pembeni na watu wakitazama, yakapunguza mwendo, yakasimama. Tarulata akaona wateja. Alipita dirisha hadi dirisha, birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, akiwaamuru washuke wakae. Dereva wa basi kutoka mbali, asiyemjua, akapiga honi. Tarulata aliingiza mkono dirishani akautoa mkono wa yule bwana kwenye honi, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kijiko, akamtia kikombe kiganjani. Yule bwana akanywa, afanye nini.

Mara ya nne mtoto wa tembo alifika juu. Akaketi katikati ya lami, amechoka, mkonga umelala chini, akawatazama watu kama arobaini waliokuwa na vikombe mikononi. Watu walicheka wakiwa wameziba midomo, wengine machozi yakiwatoka, kinamama wa kwenye basi wakawa wanamhimiza kwa sauti ya chini, haya baba, inuka, inuka. Mama yake akampiga mkonga wa matakoni, akainuka, wakaingia kwenye miti ya upande wa pili.

Ndipo Tarulata akaleta sinia. Rontu alipokea tambuu kwa mikono miwili, akakaa nayo bila kuitafuna.

"Ningekuwa pale," akasema.

"Najua."

Mdomo mwepesi wa Rontu, uliokuwa balaa maisha yake yote, safari hii ulifanya kazi njema. Ndani ya wiki moja kisa cha mtoto wa tembo kilikuwa kimefika lango la mashariki na kupita, kimetiwa chumvi, tembo wamekuwa arobaini. Kila dereva alitaka kukaa Panijuri na yeye aone. Na Baideo alikuwa na sheria: tambuu haitoki mpaka askari wa kivukoni ainue mkono kwamba njia ni nyeupe. Wageni kutoka mbali, wasioijua desturi yetu, walifundishwa na wenyeji kwamba kuinuka kabla ya tambuu ni kumtukana mama wa nyumba. Kwangu langoni kadi zikaanza kufika na dakika hamsini, sitini na tano. Mmoja alifika baada ya saa moja na nusu, nilikwishadhani amekanyagwa. Mwezi mzima wa nane askari waliokota paa mmoja tu, na huyo kweli alikuwa mzee. Moniram akarudi kwenye vocha zake, saa akaishusha na kwenda nayo nyumbani.

Nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Niliimba nikifungua kizuizi. Lakini Tarulata, nilipokwenda kumpongeza, alinikatiza maneno.

"Bado ni kadi, Tileswar," akasema. "Wana dakika za kuzitupa, ila sasa wanazitupa kwangu. Chai yangu sijui ina thamani gani."

Nikamwambia ana kichwa kigumu na hajui kushukuru. Akasema hilo halijibu swali.

Swali likamkalia masika yote. Alijua kama nilivyojua kwamba maji yakipungua kadi husimamishwa mpaka mwaka unaofuata. Wanyama hawaachi kuvuka, ila huvuka wachache wachache, na dereva anabaki na mguu wake na dhamiri yake. Hapo hatakuwa na dakika hata moja ya kupoteza. Kama hawatasimama, kivuko kitarudi kuwa kama zamani, na yeye atabaki mikononi mwa mashemeji.

Mwezi wa kumi amri ikaja: kadi zimekwisha leo. Nilifunga kitabu. Asubuhi iliyofuata sikuwa na kazi, nikachukua baiskeli mpaka Panijuri. Jua lilikuwa limetoka, mpunga umeiva pande zote. Nilimkuta ameteleka birika dogo, maziwa ya vikombe viwili, na benchi nne amezifunga kamba, tayari kubebwa. Akanimiminia. Akasema leo tutajua, tukakaa.

Lori likapita. Likapita la pili. Basi likapita na muziki wake. Tarulata alikuwa anachambua ufuta, vidole vinakwenda haraka kuliko kawaida, hainui macho. Mimi roho ilikuwa juu. Niliwachukia madereva wa dunia nzima, mmoja mmoja.

Kisha nikasikia breki. Lilikuwa lori la saruji, na nyuma yake la makaa, na nyuma yake jingine, na yule bwana wa honi na basi lake, wakajipanga pembeni mpaka wakafika kumi na moja. Rontu alikuwa wa kwanza kukaa. Tarulata akaenda akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kadi zilikwisha jana," akasema.

"Najua, Baideo."

"Huna dakika ya kupoteza. Hapa unasubiri nini?"

Rontu akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Nasubiri chai."

Tarulata akageuka kwenye jiko, akateleka birika kubwa, akatia majani, akasahau kwamba ametia, akatia tena. Mimi nilikuwa nafungua kamba za benchi huku nikicheka peke yangu. Sukari hakuikumbuka kabisa, wala tangawizi. Ilikuwa chai mbaya kuliko zote alizopata kupika, chungu ya kukunja uso, na watu wote kumi na mmoja waliimaliza, wakaomba ya pili.